Kabla ya kupiga hema ufuoni, uliza kama leo ni bamvua

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wazazi hunipigia simu kliniki wakiwa na swali moja: "Daktari, tunateremka Pwani na watoto. Tubebe dawa gani?" Nami huwajibu kwa swali langu: mtalala wapi? Wengi hushangaa. Wametayarisha kila kitu. Gari limekaguliwa na fundi, nyama imewekwa kwenye barafu, watoto wamenunuliwa nguo za kuogelea. Mahali pa kulala, wanasema, patajulikana huko huko, au wamepaona kwenye picha nzuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Baada ya miaka mingi ya kuwatibu watu waliorudi kutoka likizo, nimeridhika kwamba afya ya familia inayokwenda kuogelea hutegemea zaidi uwanja iliouchagua kuliko dawa ilizobeba.

Zamani mtu aliyetaka kulala ufuoni Malindi alikwenda Silversands, kusini mwa mji, ambako katika miaka ya 1980 na 1990 wasafiri kutoka pembe nyingi za dunia walipiga mahema yao. Siku hizi mtindo umebadilika. Utaziona familia za Nairobi na Nakuru zikija na Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au vani iliyoondolewa viti ikafungwa vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Sina ugomvi na magari hayo. Kwa mzazi mwenye watoto wanne ni nafuu kuliko hoteli, na watoto hulala wakisikia mawimbi. Ubaya wake ni mmoja tu. Gari la kulala humpa mtu uhuru wa kusimama popote, na ufuo wetu kutoka Mtwapa hadi Ngomeni si mahali pamoja.

Sisemi haya kama mtu asiyewahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na familia yangu, pamoja na watoto wa dada yangu, hadi uwanja mmoja wa kupiga kambi kati ya Kilifi na Malindi. Tulifika jioni, maji yamejaa, mawimbi yakivunjika hatua chache kutoka kwenye magurudumu. Tukasema, hapa ndipo. Asubuhi tulipoamka, bahari ilikuwa imekwenda zake. Palipokuwa na maji palikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi na mwani, na mbali kidogo fungu zuri la mchanga. Binti yangu wa miaka 11 na binamu yake wa miaka 9 wakaomba ruhusa ya kwenda kuokota kombe. Maji ya njiani yalikuwa ya kifundo cha mguu. Nikawaruhusu, nikarudi kivulini kusoma gazeti.

Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mimi sikujua maana yake. Maji yaliporudi hayakuja kutoka mbele ya watoto. Yalipitia pembeni, yakajaza mfereji uliokuwa kati ya fungu na ufuo. Watoto walikuwa bado wamesimama pakavu, macho yao kwenye bahari kuu, na nyuma yao maji yalikuwa tayari yanafika kiunoni mwa mtu mzima na yanakwenda kasi. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa aliwaona kabla yangu. Aliwapandisha wote wawili, akawaleta hadi niliposimama mimi, maji yakiwa kifuani na sina nililoweza kufanya.

Mzee yule hakunifokea. Aliniuliza tu: "Bwana, hukuuliza kama leo ni bamvua?" Nilikuwa nimesoma chuo kikuu miaka sita, na neno hilo sikuwa nimewahi kulisikia.

Bamvua na maji mafu

Kila mwenyeji wa Pwani anajua, lakini sisi wa kutoka bara hatujui, kwamba bahari haipwi wala haijai kwa kiasi kile kile kila siku. Siku zinazokaribiana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni siku za bamvua. Maji hujaa sana na hukauka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo huwa kuna maji mafu, ambapo bahari husogea kwa kiasi kidogo.

Kutoka kupwa hadi kujaa ni muda wa saa sita hivi. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda polepole hata mtu akadhani hayajaanza. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokuja kwa nguvu. Jambo jingine ambalo mzazi analipaswa kulijua ni kwamba siku za bamvua katika pwani yetu maji huwa yamekauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku inayofuata husogea mbele kwa karibu dakika 50. Yaani saa ambayo watoto wamemaliza chai na wanataka kwenda mbali ndiyo saa ambayo bahari inakaribia kugeuka.

Kwa hiyo swali la kwanza langoni lisiwe bei. Muulize mwenye uwanja: leo ni bamvua au maji mafu, na maji yanageuka saa ngapi? Akijua, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Asipojua, basi hakuna anayewaangalia wageni wake wanapoogelea. Na kama unaweza, fika mchana maji yakiwa yamekupwa. Ufuo uliojaa maji humficha mgeni kila kitu: mawe, mifereji na mashimo.

Agosti yetu si kiangazi cha Ulaya

Vitabu vingi vya watalii viliandikwa kwa ajili ya Wazungu, ambao Agosti kwao ni mwisho wa kiangazi na bahari yao iko katika hali yake bora ya kuogelea. Kwetu Agosti ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, bahari imechafuka, na mwani umerundikana ufuoni. Bahari yetu hutulia kaskazi inapokaribia kuisha, mwezi wa Februari na Machi, wakati ambao watoto wako darasani. Basi mwenye kuteremka Agosti hana budi kuchagua mahali kwa uangalifu zaidi.

Kuna bahari za aina tatu katika sehemu hii. Ya kwanza ni ghuba ya Malindi, iliyo wazi. Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na ukipita Tsavo huitwa Galana, humwaga maji matamu na udongo kaskazini mwa mji, na kwa sababu hiyo hakuna mwamba wa matumbawe wa kuikinga ghuba. Wakati wa kusi mawimbi huingia moja kwa moja. Vijana wa kuteleza juu ya mawimbi huyapenda, lakini mtoto wa miaka saba hayawezi. Karibu na mlango wa Sabaki kuna viboko na mamba, na maji yenyewe ni ya rangi ya udongo, huoni kilicho chini. Hapo pazuri pa kutazama ndege. Si pa kupiga hema wala kuogesha watoto.

Aina ya pili ni sehemu zilizo nyuma ya mwamba, kama zile za kusini mwa Malindi na za Watamu, ambazo zilitengwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1968. Huko mwamba huvunja mawimbi, na kwa maoni yangu ndiko kunakofaa familia mwezi wa Agosti. Lakini mwamba nao una wenyewe. Kuna yule mnyama mweusi mwenye miiba kama nungunungu, kuna taa anayejifukia mchangani, na kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, ambaye miiba yake ina sumu kali. Viatu vya mpira vya kuingilia majini ni muhimu kuliko miwani ya jua. Mtu akichomwa na taa au na samaki huyo, tumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Yapime kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kuhisi kama anaungua. Kisha nenda hospitali.

Aina ya tatu ndiyo inayodanganya zaidi. Ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, kama ule wa Kilifi, wa Takaungu na wa Mida. Maji yake ni kama kioo. Mzazi huyaona na kusema, hapa hapana mawimbi, ogeleeni. Lakini maji yote yaliyoingia hayana budi kutoka kupitia mlango ule ule mmoja, na yanapotoka siku ya bamvua huwa na mkondo wa kumshinda muogeleaji hodari. Ukikaa kando ya hori, ogelea maji yanapokuwa yamesimama kabla ya kugeuka, tena mbali na mlango.

Ukishikwa na mkondo baharini, usishindane nao. Elea, inua mkono uite msaada, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke ndani yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Wengi wa wahanga ni watoto na vijana.

Mtoto akitolewa majini akiwa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo, kama ninavyoona wengi wakifanya. Unapoteza dakika ambazo ubongo wake hauna. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha kandamiza kifua mara 30 na kumpulizia mara 2, ukirudia hivyo hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kucheka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Bomba, choo na kisima

Baada ya bahari, tazama choo. Nami sisemi utazame vigae vyake. Tazama kilipo kisima. Sehemu kubwa ya ufuo wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vitundu vingi, na maji machafu hupita humo kwa urahisi. Kisima kinapaswa kuwa mbali na choo kwa mita 30 angalau, na katika mawe kama haya umbali zaidi ni bora. Maji ya visima vingi vya ufuoni huwa na chumvi kidogo. Watu huyatumia kwa kuoga na kuosha vyombo, halafu mtoto husukutulia mdomo akipiga mswaki, na usiku wa tatu tumbo linaanza.

Beba maji ya kunywa kwenye mitungi ya lita 20, au chemsha, au tia dawa ya klorini. Tangi la gari lioshwe kabla ya safari, maana maji yaliyokaa humo tangu likizo iliyopita hayafai hata kuoshea mboga. Mtoto akiharisha na huna pakiti ya dawa ya maji na chumvi, tengeneza kwa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Mpe kidogo kidogo, na mapema.

Tazama pia mchanga. Mbwa na paka hupenda kulala na kujisaidia kwenye mchanga mkavu chini ya mivinje, na humo hukaa viluwiluwi vya minyoo yao, ambavyo hupenya ngozi na kuacha mchirizi unaowasha usiku kucha. Tandika mkeka wako mahali ambapo maji hufika na kuosha. Na hema lisiwe chini ya mnazi wenye nazi.

Mbu hawajui mgeni

Kilifi ni kaunti yenye malaria, na baada ya mvua za masika ugonjwa huo huongezeka. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi hana kinga aliyo nayo mtoto wa Ganze. Uchague uwanja unaopata upepo wa bahari, mbali na madimbwi, mashimo ya mawe yaliyojaa maji na mikoko. Muulize daktari wako juu ya dawa za kuzuia malaria kabla ya safari, si ukiwa njiani Voi.

Kinga kuu ni neti. Watu wa Kilifi waliifundisha dunia jambo hili. Utafiti uliofanywa huko kati ya mwaka 1993 na 1995 ulionyesha kwamba neti zilizotiwa dawa zilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu thuluthi moja. Inasikitisha basi kuona familia imelala ndani ya gari la mamilioni ya shilingi, milango wazi kwa sababu ya joto, bila neti hata moja. Wengine hufikiri mbu ni wa usiku tu. Mbu wanaoeneza dengue na chikungunya huuma mchana. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Paka dawa ya kufukuza mbu mchana pia.

Mkirudi nyumbani na mtu akapatwa na homa, hata baada ya wiki sita, nenda ukapimwe na umwambie daktari kwamba mlikuwa Pwani. Nimewaona waliotibiwa mafua kwa siku nne kwa sababu hawakutaja safari.

Gari si nyumba

Kuna hatari moja ambayo gari lenyewe huileta. Usiku wa Agosti ufuoni una upepo na manyunyu, na mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya vani au hema ili apate joto au apikie humo. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala nayo haamki kuomba msaada. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje au milango ikiwa wazi, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Mchana, usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika ya kununua samaki.

Mwisho, hesabu umbali. Kuna hospitali za serikali Malindi na Kilifi mjini, na njia kuu ya lami huziunganisha. Lakini viwanja vingi vizuri viko mwisho wa barabara ya mchanga, kilomita kadhaa kutoka lami. Uliza: usiku, mvua ikinyesha, gari langu linaweza kutoka? Simu inashika? Dereva wa karibu ni nani? Mimi nimejiwekea kipimo cha dakika 30 hadi hospitali. Pwani kuna swila na mamba wa mitini, kuna mtoto mwenye pumu, kuna mama mjamzito. Mandhari hayawatibu hao.

Tuwadai wenye viwanja

Nimesema mengi kuhusu wajibu wa mzazi, lakini si haki kumwachia yeye peke yake. Mwenye uwanja hutoza ada kwa kila hema na kila gari. Kwa ada hiyo anaweza kutundika langoni ubao mmoja unaoonyesha saa za maji kupwa na kujaa siku hiyo, sehemu zenye mkondo, na nambari ya gari la wagonjwa. Anaweza kuwa na boya na kamba. Anaweza kumwajiri kijana mmoja wa kijijini anayeijua bahari ile tangu utotoni, akae ufuoni saa ambazo watoto wanaogelea. Hayo hayana gharama ya kumfilisi mtu. Serikali ya kaunti, ambayo hutoa leseni za biashara, ingeweza kuyafanya kuwa sharti la leseni. Choo na moto hukaguliwa. Kwa nini bahari, ambayo ndiyo iliyomleta mgeni, isikaguliwe?

Lakini tukingoja sheria tutangoja sana. Dawa ya haraka iko mikononi mwetu sisi wateja. Tukiuliza maswali haya langoni, gari baada ya gari, ubao utatundikwa kabla ya likizo ya Desemba. Tukiendelea kuuliza bei na picha, tutapewa bei na picha.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na bado anaipenda bahari kuliko sisi wote. Kila tukifika uwanja wowote Pwani, yeye ndiye hushuka kwanza, humsalimu mlinzi na kumuuliza kama leo ni bamvua au maji mafu. Mara nyingi hujibiwa vizuri, akaonyeshwa na mahali pa kuogelea. Mara chache mlinzi hucheka na kusema bahari ni bahari tu. Hapo hatubishani naye. Tunawasha gari, tunakwenda mbele.